Pikipiki Bila Helmeti Mbili Sitaiweka Wakfu



Leo nasema jambo ambalo halitawapendeza wote, hasa ndugu zangu wa steji. Kuanzia mwezi ujao, ukileta pikipiki mpya kanisani tuiombee, njoo na helmeti mbili, yako na ya abiria. Kama hazipo nitakusalimia vizuri na nitakuombea wewe, lakini pikipiki yenyewe sitaipaka mafuta. Kuna mzee mmoja wa kanisa ameshaniuliza kama nimeajiriwa na trafiki. Mwacheni acheke.

Najua jibu lenu. "Pasta, mimi nimefunikwa kwa damu ya Yesu." Amina, nami pia nimefunikwa. Lakini fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo kule juu ya paa, ili asiingie hatiani kwa damu ya mtu atakayeanguka. Paa zao zilikuwa tambarare, watu walikaa huko wakapunga upepo. Mungu huyo huyo mwenye majeshi ya malaika aliagiza mawe na udongo! Na tazama anayelindwa ni nani: yeyote atakayepanda juu, hata mgeni wa siku moja. Gharama ni ya mwenye nyumba.

Ndiyo maana nasisitiza mbili. Sheria yetu ya trafiki nayo inataka hivyo, mwendeshaji awe na helmeti mbili na jaketi mbili za riflekta, na abaki na abiria mmoja. Mama, watoto wawili na gunia la viazi si abiria mmoja, hata wakikaa kwa kubanana vipi.

Tena yule aliyemwambia Bwana ajirushe kutoka kinara cha hekalu, eti malaika watamdaka, alikuwa na andiko tayari mdomoni. Soma Mathayo 4 uone alikuwa nani.

Sasa tuongee pesa, maana huko ndiko watu huanza kunikwepa. Kanisa hili limechanga bili za hospitali za watu walioumia kichwa, na tutaendelea kuchanga, hiyo ni kazi yetu. Lakini watafiti waliokusanya tafiti za nchi nyingi walipata kwamba helmeti inapunguza hatari ya mwendeshaji kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nionyesheni spika ya muziki yenye faida hiyo. Maana spika tunazo. Taa za rangi tunazo, na ule mwavuli mrefu ambao upepo wa lori ukiushika unakuyumbisha. Helmeti ndiyo imening'inizwa kwenye kioo, inangoja polisi.

Na si kila kinachoitwa helmeti ni helmeti. Ile ya mjengo imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu, si kwa ajili ya kichwa kinachogonga lami. Ukifika dukani, usiangalie rangi. Igeuze uangalie ndani. Chini ya kitambaa panatakiwa kuwe na povu nene, gumu, kama lile linalozunguka televisheni mpya kwenye katoni. Hilo ndilo linalopondeka badala ya fuvu lako. Ukikuta sifongo laini tu, hiyo ni kofia ya plastiki, rudisha. Kisha ivae. Ibane mashavu kidogo. Funga mkanda chini ya kidevu, tikisa kichwa, halafu mwambie mwenzako ajaribu kuivuta kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikitoka ukiwa umeifunga, itatoka pia barabarani. Tafuta stika ya KEBS, na usiishie kuitazama, kwa sababu stika pia hughushiwa. Tuma namba yake kwa ujumbe wa simu kwa 20023 uthibitishe. Kioo kiwe cheupe kama unafanya kazi usiku.

Ya mitumba mimi siishauri. Koti la mitumba unaliona limechanika wapi, lakini povu lililopondeka kwenye ajali ya mtu mwingine limejificha. Kwa sababu hiyo hiyo, helmeti iliyogonga chini kwa nguvu mara moja imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa. Na acheni kuisafisha kwa petroli. Maji na sabuni vinatosha. Petroli inadhoofisha ganda.

Dada zangu, nimesikia kilio chenu kuhusu helmeti ya abiria, kwamba inanuka na inaharibu nywele. Ni kilio cha haki. Bebeni kitambaa chepesi kwenye mkoba, mkifunge kichwani kwanza. Na wewe unayepanda boda kila asubuhi na kila jioni, nunua helmeti yako mwenyewe. Nywele za elfu tatu tunazilipia bila kulia. Na mkanda uufunge, usiiweke kichwani kama sufuria.

"Lakini Pasta, pesa iko wapi?" Weka shilingi 50 kando kila siku. Baada ya siku 60 una 3,000, na kwa pesa hiyo unaingia duka la maana ukachagua. Ama fanyeni kama chama: watu kumi wa steji moja, kila mmoja 300 kwa wiki, na kila wiki mmoja ananunuliwa yake. Wiki kumi, wote mna helmeti, na wiki kumi nyingine za abiria pia zimepatikana. Usichukue mkopo wa simu kwa jambo hili. Tayari wengi wenu mnalipa pikipiki yenyewe kila siku, usiongeze riba nyingine juu ya riba. Na kama ni lazima uchague kati ya sadaka ya kuweka wakfu na helmeti ya abiria wako, nunua helmeti. Nimesema mimi mchungaji wenu, na mweka hazina amesikia.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa pale mlangoni na utepe wa fundi cherehani. Pitia nikupime kichwa, nikuandikie sentimita zako kwenye karatasi, uende nazo dukani. Barikiwa.