Dishi Lihame, Mkarafuu Ubaki



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona gazeti letu, lililozoea kuzungumza khabari za miche, palizi na bei, leo linazungumza khabari za televisheni. Msistaajabu. Jambo hili limeingia mashambani mwetu, na limeingia na shoka.

Msimu uliopita tuliitwa kwa mwanachama mwenzetu mmoja. Bwana huyu alikwisha uza karafuu zake, akalipa madeni yake, na kilichobaki akanunua dishi, king'amuzi na televisheni, ili yeye na watu wake watazame khabari na mpira nyumbani kwao. Ni haki yake. Ni jasho lake. Fundi akaja, akalifunga dishi ukutani, akalizungusha tangu asubuhi, picha isije. Mwisho akaonyesha mikarafuu miwili iliyo karibu na nyumba, akasema: hii ndiyo inayozuia. Sisi tulipofika, mmoja ulikuwa umelala chini na picha bado haijaja. Mti huo ulikuwa upande wa kusini wa nyumba, ambako dishi lile halina haja nako kabisa. Wa pili, ulio magharibi, ndio uliokuwa ukizuia kweli. Tukaomba usiguswe. Dishi likahamishwa hatua kumi, na kabla ya alasiri watoto walikuwa wakitazama.

Mti ulioanguka ulipandwa na baba yake.

Hapa hatusemi khabari ya sheria. Twasema khabari ya riziki. Mkarafuu mchanga hungojwa miaka kama 6 hata 8 kabla ya kuzaa, na hungojwa zaidi kabla ya kuzaa sawasawa. Lakini ukishika, huwalisha watoto na wajukuu. Dishi hununuliwa kwa siku moja na huharibika kwa miaka michache. Mwenye akili hatoi cha miaka sitini kwa ajili ya cha miaka mitano. Majuto ni mjukuu.

Twaona kwamba khasara hii yatokana na kutojua, wala haitokani na ubaya wa mtu. Basi natuyajue machache.

Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Huko juu huzunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, kwa hiyo kwetu sisi huonekana kama zimesimama mahali pamoja, usiku na mchana. Nasi tuko kusini ya mstari huo, kwa nyuzi 5 au 6 tu. Kwa sababu hiyo, hakuna hata moja inayokaa upande wetu wa kusini. Atakayekuambia ukate mti wa kusini ili upate picha, mwombe apumzike, anywe chai, afikiri tena.

Na upande wenyewe si mgumu kuujua. Visiwani kwetu Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja, na hapana nyumba isiyojua kibla chake. Simama ukielekea kibla, nyosha mkono wa kushoto: huko ni magharibi. Ikiwa king'amuzi chako hutumia setilaiti zilizo nyuzi 7 mashariki, urudishe mkono kidogo tu kuelekea kibla, kisha utazame juu kwa kiasi cha nyuzi 51. Ikiwa ni zile za nyuzi 36 mashariki, tazama baina ya kibla na mkono wa kushoto, karibu zaidi na kibla, na juu kwa nyuzi 82, yaani karibu na utosi. Kwa hizi za pili, mti hauzuii kitu ila ukiwa umelifunika dishi lenyewe.

Sasa, kwa wale wa nyuzi 7, kabla ya kushika shoka shikeni karatasi. Ikateni iwe mraba, ikunjeni pembe kwa pembe. Mkunjo huo una nyuzi 45. Simama pale unapotaka kuweka dishi, shika karatasi kwenye jicho, ukingo wake wa chini ukiwa sawa kama maji, na tazama kwa kuufuata mkunjo upande ule wa setilaiti. Vilele vya miti vikiwa chini ya mkunjo, njia iko wazi. Vikiwa juu, wewe ndiye wa kusogea, usisogeze mti. Mkarafuu unaolipita dishi kwa mita 10 wahitaji dishi likae mbali nao mita 9 tu au 10. Nani katika sisi hana ua wa hatua kumi?

Yako na mengine yanayofanya picha isije, na mti ukasingiziwa. Nguzo ya dishi isiposimama wima, vipimo vyote huwa vya uwongo; itieni timazi kama mwashi atiavyo ukuta wake. Dishi letu la kawaida hudanganya macho: huonekana limeinamisha uso, kumbe latazama juu zaidi. Zifuateni alama za nyuzi zilizo mgongoni mwake. Dira nayo isisomwe karibu na mabati, maana chuma huivuta. Na kile kichwa cha mbele, ambacho mafundi hukiita LNB, lazima kigeuzwe ndani ya kishikio chake mpaka mawimbi yawe mazuri, kwani kwetu karibu na ikweta hukaa kwa namna nyingine na ilivyo Ulaya. Fundi wa mwanachama wetu alikisahau hicho, akaukumbuka mkarafuu.

Tena lisogezwe polepole. Dishi la sentimita 80, ukingo wake ukienda kwa upana wa kidole, limekwisha ipoteza setilaiti. Sogeza kidogo, ngoja, tazama kipimo cha ubora wa mawimbi. Usiridhike na kipimo cha nguvu peke yake, kwani hicho hupanda hata ukiwa umeikuta setilaiti ya watu wengine. Na kwa sababu hiyo hiyo msifunge dishi juu ya mti. Upepo ukiutikisa mti, picha huondoka, na mwenye kupanda kulirekebisha huenda akaanguka.

Mwisho, wakati wa masika mvua kubwa ikikata picha, dishi halijahama. Maji ya mvua hudhoofisha mawimbi. Ngojeni ianuke. Wengi huharibu kazi njema kwa kupanda juu ya paa katika mvua.

Hatusemi haya ili kuwadharau mafundi. Wako mahodari, na twawashukuru. Lakini fundi hulipwa siku ile akaenda zake. Anayebaki na kisiki ni mwenye shamba.

Basi shauri letu ni hili. Kila tawi linunue, kwa fedha za wanachama, dira moja, timazi moja na kipimo kimoja cha mawimbi, viwe vya kuazimana. Kila tawi lichague vijana wawili, wa kike au wa kiume, wajifunze kazi hii kwa mmoja wa mafundi hao mahodari. Na tuwekeane ahadi: hapana mkarafuu utakaoguswa kwa ajili ya dishi mpaka mmoja wa halmashauri ya tawi aje na karatasi yake iliyokunjwa, asimame, atazame.

Watakaosema kwamba hii ni gharama ya bure, twawaomba wahesabu mti mmoja huangusha pishi ngapi katika msimu mwema, kisha wazidishe kwa miaka yote ambayo ungeishi. Mwenye shauri bora kuliko hili na alilete mkutanoni. Tutalipokea kwa furaha.