Mbadala wa nini?

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya upili mjini Kitengela alinijia na daftari la mwanafunzi wake. Wanafunzi walikuwa wamepaka karatasi dawa, wakaweka majani ya mgunga juu yake, wakazianika juani, kisha wakaziosha kwa maji. Zikatoka picha nyeupe za majani katika buluu iliyokolea. Kazi ilipendeza. Kichwa chake, hata hivyo, kilisomeka: "Mchakato mbadala wa kihistoria wa uchapishaji wa kifotografia." Mwalimu akaniuliza, "Daktari, hiki nacho ni Kiswahili?"

Nilimjibu kuwa maneno ni ya Kiswahili, lakini fikra imeazimwa. Mbadala wa nini? Wazungu walianza kuziita mbinu hizi "mbadala" katika zama ambazo karatasi ya kiwandani, yenye madini ya fedha, ndiyo iliyokuwa kawaida ya studio. Leo karatasi hiyo yenyewe ni adimu. Watoto wetu wanazijua picha za simu. Aidha, "kihistoria" ni sifa ifaayo picha kuukuu, kama zile za Unguja ya karne ya 19, wala si picha iliyoanikwa Jumanne iliyopita.

Tutazame waasisi walivyofanya. John Herschel wa Uingereza alipobuni mbinu hiyo ya buluu mwaka 1842, aliiita kwa rangi yake, akatumia neno la Kigiriki. Karatasi ya albumini, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1850, ilipewa jina la ute wa yai uliopakwa juu yake. Basi kuandika "sianotaipu" na "albumini" pasi na maelezo ni kuficha kile ambacho jina lilikusudiwa kufichua. Napendekeza "chapa ya buluu" na "chapa ya ute wa yai". Na mbinu zote kwa jumla ziitwe "chapa za mkono", kwa kuwa leo mchapaji hupaka karatasi dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisiseme "chapa ya chuma", maadamu dawa za buluu hiyo zina chuma. Hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kutoka ofisini. Kajiado ni nchi ya wafugaji. Ukitaja chapa ya chuma, mzee atakuuliza ng'ombe ni wa nani.

Wengine watahofia kwamba wanafunzi watashindwa kusoma vitabu vya ng'ambo. La hasha. Istilahi ya kimataifa ifundishwe, ila ufahamu uanze kwa jina linaloeleweka. Dawa nyingi za kusafishia filamu hutiwa kabonati ya sodiamu, nayo ndiyo ipatikanayo katika magadi ya Ziwa Magadi, papa hapa kaunti ya Kajiado. Mwanafunzi anayekariri jina la kwanza bila kuambiwa la pili, ilhali nyumbani kwao magadi hutiwa katika maharagwe, amenyimwa elimu iliyo mlangoni pake.

Wapiga picha wa zamani wanafunga studio zao mmoja baada ya mwingine, na msamiati wao wa "kusafisha picha" na "chumba cha giza" unaondoka nao. Walimu wenzangu, kabla hatujabuni neno jipya, twende tukawaulize. Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani.