Kaske ya picha: namna ya kufundisha njia ya kutoka bila kuzungusha kichwa

Mwezi wa 5 mwaka 2025, ardhi ilitikisika chini ya mine ya Kakula, upande wa Kolwezi. Kazi ya chini ikasimamishwa na wafanya kazi wakatolewa juu. Siku kama ile, kila familia inajiuliza: mutu wetu anaijua njia ya kutoka?

Kwa kufundisha ile njia, inchi zingine zinatumia mashini za picha. Unavaa kaske inayofunika macho, unaona galeri, giza na moshi, na wewe ungali juu salama. Ku Marekani, watafiti wa NIOSH walijaribu hizi picha kwa kufundisha wachimbaji kukimbia moto. Ku Australia, waokoaji wa New South Wales wanafundishia mu chumba cha mviringo, ekra pande zote. Universite ya Pretoria nayo iko na kituo chake.

Shida ni kwamba wengi kichwa kinawazunguka na moyo unachafuka, wengine wanatapika. Macho yanaambia ubongo tunatembea, lakini sikio la ndani na miguu vinasema tumesimama. Galeri inazidisha: kuta ziko karibu, zinapita mbio pembeni ya macho, na kila kona inageuza picha yote.

Dawa ziko. Picha ibadilike mbio, kama mara 90 kwa sekunde, isichelewe nyuma ya kichwa. Mutu ageuke na mwili wake, si kwa kufinya kifungo. Mwaka 2016, Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Columbia, New York, walionyesha kwamba kuziba pembeni ya picha wakati mutu anatembea kunapunguza ugonjwa. Hii inafaa mine: chini kule, taa ya kichwa inaangaza paka mbele.

Dawa ingine ni kuruka: unaonyesha kona, mara moja unajikuta pale bila kutembea. Moyo hauchafuki sana. Lakini hapa sisi tunakataa. Kwa mchezo wa watoto, kuruka ni sawa. Kwa mine, hapana. Njia tunaijua kwa kuipita, hatua kwa hatua, kona kwa kona. Mutu aliyerushwa toka kona mpaka kona hatatapika, ni kweli, lakini hata akifika, hajui alipita wapi. Siku ya moshi, nani atamurusha?

Kwa hiyo, kampuni ikileta hizi kaske, delege wa sendika aulize mambo haya. Mutu anatembea mwenyewe, ama anarushwa? Galeri za picha ni za mine yetu, ama za inchi ingine? Mwenye kusikia kizunguzungu anaweza kuvua bila kuandikwa vibaya? Kizunguzungu si uoga, wala si ulevi. Na akivua, apumuzike kwanza: kichwa kinaweza kuendelea kuzunguka kwa muda, na mutu wa vile asipande camion wala mashini ya kutoboa.

Kisha yote, wamupeleke chini, apite ile njia na miguu yake mpaka chumba cha kukimbilia, mpaka kwenye ngazi ya kutokea. Kaske haiondoe ile siku mu programu.