Maji ya Nairobi hayafiki nyuzi 100

Wadau, ukiandika programu ya birika inayosubiri maji yafike nyuzi 100, hapa Nairobi itasubiri hadi birika likauke. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mombasa ndiyo hufika 100.

Kwa maoni yangu, ndiyo maana strungi ya thamosi ofisini huwa hafifu: maji yanaanza na upungufu, kisha tunayaacha yapoe. Si kosa la majani ya Kericho. Mimina maji yakitokota, funika, ngoja dakika 5. Chai ya kijani ni kinyume: acha maji yapoe hadi nyuzi 80, la sivyo itakuwa chungu.

Kabla ya kumlaumu mkulima, kagua maji yako. Ama wewe waonaje?