King'ora kina masikio, hakina macho!

Mwenzenu nimelizwa! Dukani kwangu nilifunga kile kidude cha kusikiliza kioo kikivunjwa, nikawa nalala fofofo. Jamaa hakuvunja kitu bwana. Alichomoa vioo vya luva kimoja kimoja, akakomba simu za wateja zilizokuja kutengenezwa. King'ora kimya!

Fundi kanicheka: "Kaka, hiki kina masikio, hakina macho. Kinasubiri kishindo cha pigo, halafu mlio mkali wa kioo kupasuka. Kimoja kikikosekana, hakilii. Ndiyo maana mlango ukibamizwa hakisumbui mtaa."

Sasa nimetia nondo dirishani, na kidude kingine cha kunasa mtu akitembea ndani. Simu za watu nalipa mwenyewe. Na wewe, dirisha lako umelikagua?