Paka Rangi Tu

Katika lugha yetu hii kuna maneno matatu ambayo, tangu nianze kusimamia nyumba, nimejifunza kuyaogopa kuliko matusi. Maneno yenyewe ni haya: "Paka rangi tu." Huyasema fundi mwenye haraka ya kwenda kazi nyingine. Huyasema muuza duka mwenye makopo ya kumaliza. Huyasema jamaa anayetarajia wageni wa harusi. Na katika hayo matatu, linalonitisha zaidi ni lile la mwisho. Ni hilo "tu" lililonigharimu ukuta, na lilikaribia kunigharimu roho ya jirani yangu.

Nyumba ninayoizungumza imo Mji Mkongwe wa Unguja, katika kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu hawapishani ila kwa kuombana radhi. Tuliirithi mimi na ndugu zangu kutoka kwa marehemu mama yetu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake unazidi nusu mita, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu ambayo kila mtoto wa pwani anaijua: urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua upana wa chumba. Mama alikuwa akiipaka chokaa kila baada ya miaka michache, na sisi watoto tuliona haya. Wenzetu walikuwa na nyumba za rangi. Yetu ilikuwa nyeupe ya kizamani, na ukiegemea unatoka na alama mgongoni.

Mwaka 2015 tulichanga fedha ili tuipake rangi "ya kisasa". Mimi ndiye niliyesimamia, kwa hiyo lawama ni yangu na simtupii mtu. Fundi tuliyempata alikwangua palipokuwa pamekwisha kujikwangua penyewe, akapiga lipu ya saruji kutoka chini hadi usawa wa kifua "kuzuia unyevu", kisha akapaka rangi ya plastiki juu mpaka chini. Siku kumi na moja, kazi ikaisha. Tulipongezwa sana. Nakumbuka nilisimama nje usiku, taa ya mlangoni imewashwa, nikiitazama nyumba kama mtu anayemtazama mwanawe aliyefaulu mtihani.

Masika ya 2018 rangi ilianza kuvimba. Mavimbe ya ukubwa wa sarafu, halafu ya sahani, na ukiyatoboa kwa kidole yanamwaga unga mweupe wa chumvi. Alama ya unyevu, ambayo zamani za mama haikupita goti, ilikuwa imepanda mpaka juu ya lipu ya saruji na kukaribia dirisha. Nikaambiwa nini? Paka rangi tu. Nikapaka. Mwaka 2021, mchana, kipande cha lipu chenye ukubwa wa meza ya kulia kilibanduka na kuanguka juu ya baraza. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka mingi hukaa mahali hapohapo akisoma gazeti, alikuwa amenyanyuka dakika chache kabla kwenda kusali alasiri. Gazeti lake tulilitoa chini ya saruji.

Sasa naomba msomaji anivumilie nieleze jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya 2015, maana sikuwa mjinga wa kusoma. Nilikuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji. Hunywa ya mvua, hunywa ya ardhini, na katika mji uliozungukwa na bahari hunywa pamoja na chumvi. Hilo si kasoro, maana ukuta huo vilevile huyatoa maji hayo. Jua likitoka na upepo ukivuma, unyevu unapita katika vitundu vya chokaa na kwenda zake. Saruji, na rangi ya plastiki juu yake, huziba mlango huo wa kutokea. Maji yaliyokwisha kuingia hayajui kwamba wewe umepaka rangi. Yanatafuta njia nyingine, nayo ni ya juu. Ndiyo maana alama ya unyevu ilipanda. Na chumvi nayo, maji yanapokauka nyuma ya lipu, hugeuka kuwa chembechembe ngumu zinazotanuka na kusukuma, mpaka lipu inaachana na jiwe. Kopo la rangi linajigamba kwamba linazuia maji yasiingie. Halisemi neno juu ya yale yaliyomo ndani tayari.

Saruji hii tunayoiita saruji ya kawaida ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Husuni Kubwa ya Kilwa ilijengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne ya 14. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Sisemi kwamba cha kale ni bora kwa sababu ni cha kale. Babu zetu walikuwa na maradhi yao na ujinga wao. Nasema kwamba watu waliojenga pwani hii kwa muda wote huo hawakupaka chokaa kwa umaskini. Walipaka kwa sababu chokaa na matumbawe ni kitu kimoja. Tumbawe likichomwa katika tanuu hutoa hewa yake na kuwa chokaa; likimwagiwa maji huchemka; likipakwa ukutani huivuta tena hewa ileile taratibu mpaka linarudi kuwa jiwe. Unaupaka ukuta kwa nyama yake mwenyewe.

Kuna wanaonijibu kwamba chokaa inakula kuni, kwamba mikoko imekatwa na mashimo ya mawe yamechimbwa ovyo, na kwamba bei yake si ya mtu wa kawaida. Hoja hii ina nguvu na sina jibu la kuifuta. Ninalo jibu la mahesabu tu: nimelipia saruji mara moja, rangi mara mbili, kubomoa mara moja, na sasa nalipia chokaa. Mwenye kutaka rahisi na afanye jumla hiyo. Na ieleweke kwamba sigombani na saruji popote ilipo. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji kule ng'ambo na aipake rangi ya dukani, ilimradi aitayarishe. Ugomvi wangu ni wa kuuvika ukuta nguo isiyo yake.

Nina ugomvi pia na watu wa upande wa pili, wale wanaokuja na kamera na kuusifu ukuta unaooza. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo naona wageni, na hata wenzetu wenye mahoteli, wameanza kupenda kuvu na nyufa kama pambo. Mche wa jamii ya mkuyu umeota katika ufa ghorofa ya pili, mizizi yake inapasua mawe, na mtu anasimama chini akisema unapendeza! Huyo haishi humo. Halali chini ya boriti hizo.

Turudi kwenye kazi. Kupaka rangi ni sehemu ndogo kuliko zote. Mwaka huu, baada ya kupata kibali cha mamlaka ya hifadhi, nilimwita fundi mwashi mtu mzima, mmoja wa wachache waliobaki wanaoijua chokaa. Siku ya kwanza hakuja na brashi wala ndoo. Alikuja na mwiko peke yake, akapita ukuta mzima akiugonga kwa mpini wake na kusikiliza. Palipo pazima hutoa sauti kavu, fupi. Palipoachana hulia kama ngoma iliyolegea. Alitia alama za makaa. Alipomaliza, ukuta wangu ulikuwa mweusi kwa alama.

Halafu akapanda juu, na hapo ndipo nilipojua kwamba sehemu kubwa ya maradhi ya ukuta haiko ukutani. Mfereji wa paa ulikuwa umepasuka na maji ya mvua yalishuka mahali pamoja kwa miaka. "Maalim," aliniambia, "ukipaka kabla ya kuziba hapa, utakuwa unamfuta machozi mtu huku unampiga." Tukaziba. Tukang'oa mche ule na mizizi yake, kwani ukikata shina tu unarudi.

Saruji tuliibandua mwezi wa Juni, masika yalipokwisha. Hapo niliona nilichokifanya. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililoishika, kwa hiyo kila kipande kilitoka na uso wa tumbawe. Vijana walibandua kwa patasi ndogo na kwa adabu, na bado ukuta ulibaki na mashimo ya kuingiza ngumi. Chumvi iliyojitokeza tuliifagia kwa brashi kavu na kuizoa kwa beleshi. Mimi nilitaka kuiosha. Fundi alinizuia: ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani, na ukiiacha chini ya ukuta ardhi inainywa tena. Mashimo tukatomea kwa vijiwe na chokaa. Mchanga uwe wa shamba uliooshwa, maji yawe matamu. Mchanga wa pwani, ambao wengi huupenda kwa sababu ni wa bure, huleta chumvi ileile uliyotoka kuifagia. Kisha, na hapa ndipo watu wanaposhindwa, tukaacha. Ukuta ulikaa mtupu Julai nzima na Agosti nzima ukitoa maji yake.

Kabla ya kufika Agosti, sina budi kusema neno juu ya madirisha na mlango. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa risasi. Madhara yake hayakuwa siri: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo, na Marekani iliiondoa majumbani mwaka 1978. Vumbi lake huharibu akili ya mtoto, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi kisicho na madhara. Na sisi? Tunampa kijana msasa, anasugua dirisha la miaka sitini, vumbi linaruka, na watoto wanacheza chini yake gololi. Nimewaona kwa macho yangu, na nimewahi kuwa mmoja wa waliotoa msasa huo. Lowesha kwanza, kwangua kwa maji, tandika turubai, kusanya maganda yote, na watoto waondoke. Huo nao ni utayarishaji, na hauonekani katika picha.

Agosti ilikuwa na harusi. Dada yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Kaka, wageni wanakuja kutoka Maskati, nyumba iko uchi! Si mpake rangi tu, mtaibandua baadaye." Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia kwamba namwaibisha binti. Akaniambia kwamba mama angekuwepo angeona haya. Hilo la mama liliniuma, nikajibu kwa ukali kuliko ilivyostahili, na kwa siku tisa hatukusemezana.

Nilipokuwa nikifundisha, shule moja niliyofanya kazi ilipata habari kwamba kiongozi atapita. Tulipaka ukuta unaotazama barabara, ule tu, na tukapaka juu ya ukungu. Kiongozi hakushuka garini. Masika yaliyofuata rangi ilimenyuka mbele ya wanafunzi walewale tuliokuwa tukiwafundisha ukweli na uaminifu. Nadhani tabia hii ya kupaka kwa ajili ya mpita njia tumeizoea mpaka hatuioni tena. Dada yangu hakuwa mbaya. Alitaka kile ambacho nchi nzima hukitaka mgeni anapokuja.

Harusi ikafanyika. Bibi harusi alitoka mlangoni mbele ya ukuta wenye mabaka ya mawe na vijiwe, na wapiga picha wakahangaika kutafuta pembe. Bi mkubwa mmoja aliyetoka Maskati alisimama, akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akaniuliza: "Mnaichokaa?" Nikamjibu, ndiyo, bibi. Akatikisa kichwa akaingia ndani. Sijui alikuwa anakubali au anasikitika.

Septemba tulipiga lipu ya chokaa, tukaifunika magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe kwa pupa. Wiki ya mwisho ya mwezi, kabla vuli haijaanza, fundi alikoroga chokaa iliyochujwa mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, akalowesha ukuta, akapaka mkono wa kwanza. Ipakwe mikono minne au mitano, membamba, kila mmoja usubiriwe.

Mpwa wangu, aliyekuwa akishika ngazi, alitazama juu muda mrefu. Ukuta ulikuwa umelowa tu, wa kijivu, mawe yanaonekana kama kwamba hatujafanya kitu.

"Ami, mbona haionekani?"

Nikamwambia aende akale, arudi alasiri ukuta utakapokuwa umekauka.