Kabla ya Kuupokea Uenyekiti

Timu ya Njombe Mji ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, kisha ikashuka daraja, sote tuliona kwamba klabu haiishi kwa vigelegele peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa timu ndogo za vijana wetu, Njombe na Makambako. Jezi, nauli na daftari la fedha vyahitaji msimamizi, na mara nyingi huombwa yule asiyejua kukataa.

Twasema: anayeombwa uenyekiti asikubali kwa kuona haya, wala asikatae kwa woga. Kwanza aisome katiba ya klabu. Aulize kipindi cha uongozi ni miaka mingapi, mweka hazina ni nani, na madeni yaliyopo ni kiasi gani. Kisha aupime wakati wake na kazi za shamba lake.

Cheo ni dhamana. Anayekipokea bila nafasi ya kukitumikia huwadhulumu vijana. Anayekataa kwa uwazi huwapa nafasi ya kumchagua mwingine. Lakini mwenye uwezo asijifiche. Na aombe siku chache za kutafakari, kisha atoe jibu lake mbele ya wanachama wote.